Jicho Huona Lilichozoea

"Wachina wote wanafanana." Maneno hayo tunayasema bila kificho, na watu wa mataifa mengine husema vivyo hivyo kuhusu sisi. Msemaji hadanganyi, ndivyo anavyoona. Kosa lake ni kudhani kwamba kufanana huko kumo katika nyuso anazozitazama, ilhali kunatokana na mazoea ya macho yake. Mwaka 2006 Yair Bar-Haim na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miezi mitatu. Mtoto alionyeshwa picha mbili sambamba, uso wa Mwafrika na wa Mzungu, nao wakapima ni upi aliutazama kwa muda mrefu zaidi. Watoto wa Ethiopia waliwakazia macho Waafrika. Waisraeli weupe, Wazungu. Lakini watoto wa Kiethiopia waliozaliwa Israel na kulelewa katika vituo vya wahamiaji, wakiona nyuso za aina zote mbili, hawakuegemea upande wowote. Asili yao ilikuwa ile ile ya wenzao wa Ethiopia. Kilichotofautiana ni nyuso za waliowazunguka. Hata baada ya uchanga mazoea hugeuka: utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba Wakorea walioasiliwa utotoni na familia za Ufaransa walizitambua nyuso za Wazungu vizuri kuliko za Waasia.

Kwa hiyo anayedai kwamba ubaguzi ni maumbile, kwa kuwa hata mtoto mchanga anatofautisha rangi, amechanganya mambo mawili. Kutofautisha si kudharau. Pingamizi lililo zito zaidi ni la Afrika Kusini: mayaya Waafrika waliwalea watoto wa Makaburu kizazi baada ya kizazi, na ubaguzi ukastawi. Ni kweli. Mazoea hulifundisha jicho, lakini hayawapi watu usawa. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, wakishirikiana kwa lengo moja huku sheria au mamlaka ikiwaunga mkono.

Hata hivyo, udhaifu wa jicho pekee unatosha kumwangamiza mtu. Ronald Cotton, Mmarekani mweusi, alitambuliwa kimakosa na mwanamke mweupe aliyebakwa North Carolina mwaka 1984. Alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 hadi vipimo vya vinasaba vilipomwondolea hatia mwaka 1995. Shahidi yule aliamini alichokisema. Ndiyo maana kila gwaride la utambulisho linapohusisha watu wa rangi tofauti, hakimu anapaswa kuuliza kwanza: shahidi huyu amezizoea nyuso za namna hii?