Ramani za kompyuta: Kosa la mpakani humfuata mkulima hadi kwenye hati

MKULIMA anayetaka kupanda parachichi, mfanyabiashara anayetafuta kiwanja cha ghala na ushirika unaotaka kuweka kituo cha kukusanyia maziwa, wote wana swali moja: wapi? Kwa miaka mingi swali hilo limejibiwa kwa mazoea au kwa kumfuata jirani. Siku hizi kipo chombo kinacholijibu kwa vipimo, nacho ni Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, ambao wengi huuita kwa kifupi GIS.

Ingawa mfumo huo ulianzia Canada, wazo lake lina uhusiano na Afrika Mashariki. Karibu na mwaka 1960, Roger Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya upimaji ya Canada, alishughulikia mpango wa kutafuta eneo la kupanda miti ya kiwanda cha karatasi nchini Kenya. Ramani nyingi zilitakiwa kulinganishwa kwa mkono, moja juu ya nyingine, na gharama ikaonekana kubwa mno. Tomlinson akaona kwamba kazi hiyo ingeweza kufanywa na kompyuta. Katika miaka ya 1960 serikali ya nchi yake ikamwezesha kujenga mfumo wa kwanza wa aina hiyo, kwa ajili ya kuorodhesha ardhi ya Canada.

Tabaka juu ya tabaka

Namna mfumo unavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Ni kama kuchukua karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, moja imechorwa mito, nyingine barabara, nyingine udongo na nyingine mvua, kisha zote zikapangwa juu ya meza. Kompyuta huziita tabaka. Kila alama ina vipimo vya mahali ilipo duniani, hivyo tabaka zote hukaa sawasawa.

Kwa mfano, ushirika wa maziwa unaweza kuweka tabaka la wafugaji walipo, la barabara zinazopitika hata masika, la umeme na la maji safi. Kompyuta huondoa sehemu zisizofaa, kisha hupima umbali kutoka kwa kila mfugaji. Umbali unaohesabiwa ni wa njia inayopitika, si wa mstari ulionyooka. Kijiji kilicho kilomita 4 ng'ambo ya mto usio na daraja kinaweza kuwa mbali zaidi kuliko kilicho kilomita 10 kwenye barabara ya changarawe, na maziwa hayasubiri.

Ekari ya hatua 70

Faida iliyo karibu zaidi na mkulima mdogo ni kujua ukubwa halisi wa shamba lake. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, lakini vijijini wengi hupima kwa hatua 70 kwa 70. Mwenye hatua ya sentimita 80 atapata mita za mraba 3,136 tu, wakati mwenye hatua ya mita nzima atapata 4,900. Wote wawili wataambiwa wana ekari moja, watalipa trekta bei moja na kununua mbegu na mbolea kiasi kilekile. Wa kwanza analipia zaidi ya mita za mraba 900 ambazo hana.

Simu yenye GPS inaweza kusaidia, lakini nayo ina mipaka yake. Mahali pa wazi kosa lake huwa kama mita 5, na chini ya miti mikubwa huongezeka. Katika shamba la ekari 20 kosa hilo ni dogo. Katika robo ekari, ambayo kila upande una kama mita 32, mita 5 za upande mmoja ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya shamba lote. Kwa hiyo simu inafaa kukadiria gharama za kilimo, lakini haifai kuamua ugomvi wa mpaka.

Picha za satelaiti nazo zina kiwango chake. Zile za Landsat, zinazotolewa bure tangu 2008, huona ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30, hivyo ekari moja ni vipande visivyozidi vitano. Za Sentinel-2, satelaiti ya Ulaya iliyoanza kurushwa 2015, huona vipande vya mita 10 kwa 10, yaani kama 40 kwa ekari. Hizo zinaweza kuonyesha upande wa shamba unaokauka mapema.

Hati na hifadhi

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mwaka 2014 ulianza mradi wa majaribio katika Wilaya ya Iringa, ambapo vijana wa vijijini walifundishwa kurekodi mipaka ya mashamba kwa simu, wenye mashamba na majirani wakiwapo. Taarifa hizo zilitumika kuandaa hati.

Ramani za mashamba zikishawekwa juu ya tabaka nyingine, mengi hujitokeza: shamba moja kuandikwa kwa watu wawili, au kuingia msituni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na kompyuta huuchora ukanda huo kwa dakika chache.

Mfanyabiashara naye anahusika. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Anayejenga fremu za maduka bila kupima anaweza kupoteza mtaji wake wote siku alama ya X itakapochorwa ukutani.

Hata hivyo, kompyuta haijui mpaka wa shamba, inajua ilichoambiwa. Kosa lililofanyika mpakani litatoka safi na lenye rangi nzuri kwenye ramani, na litakuwa gumu kupingwa kwa sababu linaonekana la kitaalamu.

Kwa hiyo siku ya kupima, mkulima anatakiwa awepo mwenyewe pamoja na majirani wa pande zote. Ahakikishe majina yameandikwa sawasawa, likiwamo la mwenza wake pale shamba linapokuwa la wote wawili. Orodha na ramani zinapobandikwa ofisi ya kijiji, aende kuzikagua kabla muda wa pingamizi haujaisha. Na kila anayeletewa ramani aulize mambo matatu: nani alipima, lini, na kwa kifaa gani. Kuuliza hakuna gharama, lakini kesi ya mpaka huweza kula mavuno ya miaka.