Fahamu: Vita Kuu ya Kwanza ilivyoigharimu Songea

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa mauaji ya Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Vita Kuu ya Kwanza iliyofuata haizungumzwi sana, ingawa nayo ilifika huku.

Waingereza waliiteka Songea mwaka 1916. Septemba 1918 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka mto Ruvuma akitokea Msumbiji, akapita akielekea Njombe. Pande zote zilitegemea wapagazi: unga, risasi, vyote kichwani. Kwa Waingereza pekee inakadiriwa walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi kama kuhara damu na malaria. Wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana. Mafua ya 1918 yakafuata.

Peramiho, karibu na Songea, wamisionari Wajerumani waliondolewa. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likaikabidhi Uingereza Tanganyika, wenyeji hawakuulizwa.