Skrini ya Bluu Mjini Same: Betri, Vumbi na Desturi ya Kupiga Windo

Ujumbe wa hitilafu unaotokea kwenye kioo cha kompyuta kuukuu ni maelezo ya shahidi wa mwisho, yaani sehemu ya mashine iliyofikwa na madhara, ambayo mara nyingi siyo iliyoyaanzisha. Kwa sababu hiyo, desturi iliyozoeleka kwa mafundi wengi, mjini Same kama kwingineko nchini, ya kupiga windo kila mashine inapogoma, yaani kufuta mfumo endeshi na kuweka mwingine, hupoteza ushahidi kabla haujasomwa, na aghalabu hufuta pamoja nao mitihani ya shule, picha za harusi na hesabu za duka ambazo hazikuwa na nakala popote.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote na kuziunganisha na vifaa vya mashine. Katika kompyuta za zamani za majumbani mara nyingi huwa ni Windows XP, iliyotolewa Oktoba 2001, au Windows 7, iliyotolewa Oktoba 2009. Mfumo huo ukigundua kosa ambalo lingeweza kuharibu data endapo kazi ingeendelea, husimamisha kila kitu na kuonyesha skrini ya bluu yenye maneno ya Kiingereza na namba inayoanza na 0x, iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambamo baada ya tarakimu 9 hufuata herufi A hadi F. Namba hiyo ndiyo yenye thamani, na asiyejua Kiingereza anaweza kuinakili sawasawa na anayekijua. Tatizo ni kwamba Windows imepangwa kujiwasha upya papo hapo, hivyo skrini hupita kabla haijasomeka. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha F8 mfululizo mashine inapowaka, kuchagua mstari unaozuia kujiwasha upya baada ya hitilafu, kisha kupiga picha ya skrini kwa simu.

Kabla ya kuisoma namba hiyo, ni vema kuyatazama mazingira. Mji wa Same umekaa upande wa magharibi wa milima ya Pare, kwenye kivuli cha mvua, ambako pepo zinazotoka baharini hufika zikiwa zimekwisha kuacha maji yake mlimani. Nchi ni kavu na vumbi ni jingi, na kusini kidogo, Makanya, huchimbwa jasi. Vumbi hilo huvutwa ndani na feni na kugandamana kwenye bati la kupoozea prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote, mpaka joto likose pa kutokea. Mashine iliyofikia hali hiyo kwa kawaida haitoi skrini ya bluu. Huanza kuwa nzito, kisha hujizima ghafla, na ikiachwa ipoe huwaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Anayeisafisha kwa bloa anapaswa kuishika feni isizunguke, kwa kuwa feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika. Huko juu, katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462, adui ni ukungu na unyevu, ambao hufubaza miguu ya vipande vinavyochomekwa ndani ya mashine na kuleta kutu. Fundi anayetibu mashine ya mlimani kama ya bondeni atakuwa anatibu ugonjwa usiokuwapo.

Hata hivyo, hakuna hitilafu inayoeleweka vibaya kuliko ile ya betri ndogo iliyo kwenye bodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote. Betri hiyo ina umbo la sarafu na alama CR2032, na ikiwa nzima hutoa volti 3. Kazi yake ni kutunza saa pamoja na mipangilio ya BIOS, yaani programu ndogo iliyomo kwenye bodi ambayo huamka kabla ya Windows na kuvitambua vifaa. Muda wote ambao mashine imechomekwa ukutani na umeme upo, bodi hupata umeme mdogo hata ikiwa imezimwa, hivyo betri iliyokufa haijulikani. Itajulikana asubuhi inayofuata usiku wa umeme kukatika, au pale swichi ya ukutani inapozimwa, kama zilivyo taratibu za nyumba nyingi. Saa hurudi nyuma miaka mingi, na mwenye mashine akiingia kwenye intaneti huambiwa kuwa tovuti si salama, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta inayoamini kuwa ni mwaka 2009 cheti hicho bado hakijaanza kutumika.

Jambo zito zaidi ni kwamba BIOS iliyosahau mipangilio hurudia ile ya kiwandani, pamoja na ile inayoamua diski izungumze na bodi kwa mtindo upi, IDE wa zamani au AHCI uliofuata. Windows iliyowekwa kwa mtindo mmoja, ikikutana na mwingine bila kuandaliwa, hushindwa kuisoma diski yake yenyewe na kutoa namba 0x0000007B. Mwenye mashine husema umeme umeiunguza, fundi husema windo imekufa, na diski ambayo haikuwa na kosa lolote hufutwa. Ilhali kilichohitajika ni betri mpya, kuirekebisha saa, na kurudisha neno moja katika BIOS.

Namba nyingine zina mwelekeo wake. Zikibadilika kila mara, leo 0x0000000A, kesho 0x00000050, mshukiwa wa kwanza ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo hupotea mashine inapozimwa. Kuichomoa na kusugua miguu yake taratibu kwa ufutio wa penseli huponya mashine nyingi, hasa za mlimani. Namba 0x0000007A au 0x00000024 zikiandamana na mlio wa kugonga-gonga humaanisha kuwa diski inachoka, na hapo ni lazima kunakili mafaili kwanza, kwani programu ya kukarabati diski huilazimisha isome kila sehemu na inaweza kuimaliza kabisa.

Pawa saplai, inayogawa umeme ndani ya mashine, nayo hupimwa kwa mita wakati mashine inafanya kazi: waya wa njano unapaswa kutoa kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Kwa upande wa umeme unaoingia kutoka nje, stebilaiza hunyoosha umeme unaopanda na kushuka, kwa mfano jirani anapowasha mashine ya kusaga, lakini haina akiba ya kuishikilia kompyuta umeme unapokatika. Kazi hiyo ni ya UPS, ambayo ina betri ndani.

Vipimo hivyo vyote vikiwa sawa, hubaki bodi yenyewe. Bodi nyingi za takriban mwaka 1999 hadi 2007 zilifungwa kapasita mbovu, yale makopo madogo ya kutuliza umeme, na kasoro hiyo ilizikumba kampuni kubwa duniani, ikiwemo Dell. Kapasita iliyokufa huvimba kichwani au kuvuja ute wa kahawia, na fundi redio, ambaye kuchomelea ndiyo kazi yake ya kila siku, huweza kuibadilisha vizuri kuliko fundi wa windo. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya awali, na mstari uliochorwa ubavuni mwake, ambao huonyesha upande wa hasi, uelekee ulikoelekea wa zamani, kwa kuwa kapasita iliyogeuzwa inaweza kupasuka mara tu umeme unapowashwa.