Zawadi Isiyo na Risiti

Mwaka 1993 mchumi wa Marekani Joel Waldfogel alichapisha makala kuhusu zawadi za Krismasi ambayo wachumi wanaibishania mpaka leo. Aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale: zawadi mlizopewa zilinunuliwa kwa kiasi gani, na nyinyi wenyewe mngekubali kuzilipia kiasi gani? Akakuta kati ya asilimia 10 na theluthi ya thamani imepotea njiani. Yaani shati la shilingi 30,000 linaweza kumfikia mpokeaji likiwa, machoni pake, la 20,000 tu.

Zawadi za marafiki na wapenzi hazikupoteza sana. Hasara ilikuwa kubwa zaidi kwa zile za babu, bibi, shangazi na wajomba, watu wanaompenda kijana wao kwa dhati lakini hawajui tena anavaa nini wala anasikiliza nini.

Kuna sharti moja katika swali la Waldfogel ambalo wengi hulisahau. Aliwataka wanafunzi waweke kando thamani ya mapenzi iliyomo ndani ya zawadi. Kwa hesabu yake alikuwa na haki ya kufanya hivyo, ila sehemu aliyoiweka kando ndiyo hasa inayobeba zawadi iliyotengenezwa kwa mkono.

Mfano ni msala wa ukili, ambao pwani bado husukwa majumbani. Majani machanga ya mkindu hukatwa na kuanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa chane nyembamba, na baadhi yake huchemshwa na rangi. Chane hizo husukwa ukili, ukanda mwembamba unaorefuka kidole kwa kidole mpaka ukafanya rundo kubwa sakafuni. Ndipo ukanda ule unaposhonwa ukingo kwa ukingo hadi upatikane upana wa kusujudia. Kazi hii hukaliwa jioni baada ya jioni, katikati ya mapishi na watoto, na anayetaka kumpa mama mkwe msala siku ya Idi huanza kabla ya Ramadhani kuandama. Muda wote huo anamfikiria mtu mmoja: urefu wake, rangi aipendayo, upande wa chumba anaoswalia.

Asiyejua kusuka anaweza kupika udi. Sukari huyeyushwa polepole mpaka igeuke kahawia, ikatiwa vipande vya udi, unga wa sandali, miski na marashi, kisha mchanganyiko huenezwa kwenye sinia ukauke, uvunjwevunjwe na kutiwa chupani. Kila nyumba ina vipimo vyake. Anayejua kwamba wifi yake huumwa kichwa kwa harufu ya miski huiacha kabisa, jambo ambalo muuza duka hawezi kulijua. Kikuba nacho, cha asumini, waridi, rehani na mlangilangi, hakiwekeki: hufungwa siku ileile na kubandikwa kifuani kingali kibichi.

Si kila kilichotengenezwa nyumbani kinafaa, hilo lisemwe wazi. Kitambaa kilichofumwa kwa miezi miwili kinaweza kuishia kabatini sawa na glasi za dukani, kama mfumaji hakujiuliza kitatandikwa wapi. Kumuuliza mpokeaji mapema hakupunguzi utamu wa zawadi, bali huokoa kazi ya mikono.

Wala si lazima zawadi iwe kitu. Mwaka 2017 watafiti Cindy Chan na Cassie Mogilner walionyesha kwamba zawadi ya tukio, kama safari au onyesho, hukaza uhusiano wa watu kuliko zawadi ya kitu, hata pale mtoaji asipokuwepo wakati wa kuifurahia.

Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa Wachaga wanaorudi nyumbani, na buti hujaa maboksi. Kijana anayefika na simu mpya ya bibi hupokewa kwa vigelegele. Lakini kuna mwingine ambaye siku ya pili huomba jembe, akapalilia kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, halafu jioni akaketi na bibi jikoni, akimrekodi anavyotaja majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka moto ukafifia. Siku ya kuondoka, bibi humfungia mkungu wa ndizi alioukata mwenyewe alfajiri.