Kuhama, kuhamishwa, kuhamiwa: mfano wa Masisi

Darasani tunafundishwa kwamba kiambishi kimoja hubadili maana ya kitenzi. Nilielewa uzito wa kanuni hiyo niliposoma historia ya Masisi, Kivu Kaskazini.

Kuanzia mwaka 1937, Ubelgiji, iliyotawala Kongo na Rwanda pia, ilipeleka familia za Wanyarwanda kwenda kuishi Masisi, hasa Gishari, katika ardhi ya Wahunde. Rwanda ilikuwa na watu wengi, na mashamba ya walowezi wa Kivu yalihitaji vibarua. Familia hizo zilihamishwa: kauli ya kutendesha na ya kutendwa zinaonyesha kwamba yupo mwingine aliyeamua. Kuanzia 1959, wengine waliyakimbia machafuko ya Rwanda. Hao walikimbilia Kongo. Wahunde nao walihamiwa, bila kuwa na sauti katika uamuzi huo.

Hata hivyo, wote waliotoka Rwanda huitwa "wahamiaji". Nomino hiyo inatokana na hamia, kitenzi kinachomfanya mhamaji kuwa mtenda pekee. Mkono wa serikali ya kikoloni haumo tena ndani ya neno.

Si suala la sarufi tu. Machi 1993, mauaji yaliyoanzia Ntoto, Walikale, yalienea hadi Masisi, na swali lililogombewa lilikuwa nani mwenyeji, nani mgeni. Kwa hiyo, kabla ya kuandika "wahamiaji", mimi hujiuliza kwanza: walihama, walihamishwa au walikimbia? Na nani alihamiwa?