Zimwi Linalolelewa Nyumbani

Msichana wa miaka 12 aitwaye Tinja anaokota yai msituni, analipeleka nyumbani na kulificha kitandani. Yai linakua kila siku hadi mto hautoshi kulifunika. Kinachototolewa ni kiumbe chenye mdomo wa ndege, mwili uliokonda unaochuruzika ute, na macho makubwa yanayomfuata Tinja kama kifaranga anavyomfuata mama yake. Tinja anakipa jina la Alli, anakiogesha, anakilisha kwa kukitapikia chakula mdomoni.

Hiyo ndiyo Pahanhautoja, filamu ya Kifini ya mwaka 2022, ya kwanza ndefu kuongozwa na Hanna Bergholm, kwa hadithi iliyoandikwa na Ilja Rautsi. Si filamu ya kumwonyesha mtoto mdogo, lakini ningependa kila mzazi wa Eldoret aitazame.

Nianze na ufundi. Alli wa mwanzo hakuchorwa kwa kompyuta. Ni kikaragosi cha mitambo kilichoundwa na kikosi cha Gustav Hoegen, fundi aliyewahi kutengeneza viumbe vya filamu za Star Wars, na huendeshwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Faida yake inaonekana bafuni. Mwigizaji Siiri Solalinna anapokiosha kiumbe hicho, vidole vyake vinagusa ngozi iliyopo kweli, nayo maji yanateremka mgongoni mwake. Mtazamaji anachukizwa, na papo hapo anakionea huruma. Hisia hizo mbili zikikutana, filamu ya kutisha imefaulu, kwani hofu tupu haidumu.

Hata hivyo, tukio linalobeba filamu nzima halina dude. Mama yake Tinja anairekodi familia yake ikitabasamu ili watu wa mtandaoni waione. Ghafla ndege anaingia sebuleni na kuvunja vyombo vya kioo. Tinja anamshika kwa upole, anampa mama akidhani atamwachilia nje. Mama anamvunja shingo, kisha anamwambia mwanawe akamtupe kwenye pipa la taka. Mama huyo huyo anataka bintiye ashinde mashindano ya jimnastiki, hata kama viganja vimechubuka. Tinja hakasiriki. Hajawahi kupewa nafasi ya kukasirika. Alli ndiye anayekasirika kwa niaba yake, na kadiri anavyokua ndivyo anavyofanana naye sura. Mbwa wa jirani anayembwekea Tinja usiku ananyamazishwa. Msichana anayemshinda kwenye mazoezi anavamiwa.

Sisi huku Uasin Gishu tuna dude letu. Mwaka 1909, A. C. Hollis, afisa wa utawala wa kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, na humo akaandika habari za Chemosit: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa, akitembea kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki. Chemosit hula watu, na watoto huwapata kwa kuimba. Mtoto huona mwanga, husikia wimbo, hudhani kuna ngoma, hutoka.

Wageni walipolisikia jina hilo walishika bunduki. Mwaka 1912 Geoffrey Williams alichapisha maelezo ya mnyama aliyemwona siku yenye ukungu karibu na mwamba wa Sergoit, ule tunaouona tukienda Iten: ameketi kama dubu, urefu wa futi 5 hivi, kisha akaondoka akikimbia kiupandeupande. Tangu hapo "dubu wa Nandi" akatafutwa miaka mingi. Wengine walisema ni fisi, wengine nyegere, wengine wakakumbuka kalikotheri, mnyama wa kale mwenye kucha aliyekula majani. Dubu hajapatikana. Naona hasara kubwa ilikuwa kwingine: waliokuwa wakitafuta ngozi na nyayo hawakusikiliza simulizi yenyewe, ambayo ilihusu watoto.

Chemosit yuko nje ya boma, na kinga dhidi yake ni kubaki ndani. Ndiyo maana kwa muda mrefu nilimwona Alli kuwa mgeni kabisa kwetu, mpaka nilipomkumbuka Nunda. Hadithi yake Edward Steere aliiandika Zanzibar na kuichapisha mwaka 1870. Nunda alianza kuwa paka wa Sultani Majnun. Alipokamata ndama, sultani alisema paka ni wake na ndama ni wake. Alipokamata wanyama wengine, jibu likawa lile lile. Wanyama wakaisha, ikawa zamu ya watu, na hatimaye wana watatu wa sultani mwenyewe. Mdogo wa mwisho ndiye aliyetoka kumwinda. Kila mnyama aliyemuua alimpeleka kwa mama yake na kuuliza kama huyo ndiye Nunda, naye mama akamjibu kuwa siye, mpaka siku alipompata.

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nunda na Alli wanaipinga methali hiyo. Nunda alilelewa na mkubwa aliyekataa kuona. Alli amelelewa na mtoto ambaye mkubwa amekataa kumwona. Hapa kwetu mtoto mwenye miguu myepesi anaweza kuinua ukoo mzima, na mzazi hujikuta amesimama kando ya uwanja na saa mkononi kabla mtoto hajafikisha miaka kumi. Mbio zimewapa watu wetu mengi, wala Bergholm hasemi mchezo ni mbaya. Anauliza mtoto aliyechoka, au aliyeshindwa, amwambie nani.

Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, lina vijana wenye kamera na vyuo vinavyofundisha fasihi simulizi. Chemosit anastahili filamu yake. Atakayeitengeneza ningemwomba amwache dubu wa Williams alipo, pia asimwonyeshe Chemosit mapema. Mwanga mwekundu na sauti vitatosha kwa nusu ya kwanza. Kamera ikae ndani, kwa mtoto aliye macho huku wenzake wamelala, na mwandishi atafute sababu ya ngoma ya nje kumvuta mtoto huyo kuliko sauti za watu wa nyumbani kwake.