Uzi wa Kioo na Kipimo Kimoja

Askari aliye kazini mbali na kwao anapopiga simu nyumbani jioni, sauti yake hupita hewani hadi kwenye mnara ulio karibu. Kutoka hapo, mara nyingi huingia ardhini na kusafiri ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mke na watoto humsikia kana kwamba yumo chumba cha pili. Ni wachache wanaojiuliza jinsi vipande vya uzi huo, vilivyotengenezwa katika viwanda mbalimbali, vinavyoungwa vikawa njia moja.

Elimu hii haina umri mrefu. Mwaka 1966, Charles Kao na mwenzake George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara moja huko Harlow, Uingereza, walieleza kwamba kioo kikitakaswa sana kitaweza kubeba mazungumzo kwa njia ya mwanga. Sharti lilikuwa kwamba sehemu moja katika mia ya mwanga ibaki baada ya kilomita moja. Kioo cha namna hiyo hakikuwapo. Mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning, Marekani, walikipata. Siku hizi sehemu hiyo moja katika mia hubaki hata baada ya kilomita 100 hivi.

Hata hivyo, usafi wa kioo peke yake hautoshi. Mwaka 1984 chama cha mataifa kinachoshughulikia mawasiliano ya simu, chenye makao yake Geneva, kilitoa kanuni iitwayo G.652. Uzi uliotengenezwa kwa kanuni hiyo una unene wa mikromita 125, yaani thumuni ya milimita. Kiini kinachopitisha mwanga katikati yake ni kiasi cha mikromita 9 tu. Askari atalielewa jambo hili upesi: risasi isiyolingana na bunduki yake haimfai kitu, ijapokuwa ni mpya.

Fundi anapounga nyuzi mbili, huzikata ncha zake sawasawa, kisha mashine huzilinganisha na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme. Viini vikipishana kidogo tu, mwanga huvuja. Ili asiunge uzi huu na usio wake, kila uzi hupewa rangi. Utaratibu utumiwao sana huanza na buluu, kisha chungwa, kijani, kahawia na kijivu, hadi nyuzi 12. Plagi nazo zina alama: ya kijani imesuguliwa mshazari, ya buluu imesuguliwa bapa. Anayezichomeka pamoja kwa haraka huharibu mawasiliano, na huenda akaziumiza ncha zenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki iliunganishwa na dunia kwa nyuzi hizi mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini. Kabla ya hapo, mawasiliano na nchi za ng'ambo yalitegemea zaidi setilaiti. Mwaka huo huo Kao alitunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia. Kutoka pwani, nyaya za nchi kavu huelekea Uganda, Rwanda na kwingineko bara.

Njia hiyo ndefu yaweza kukatwa kwa jembe moja. Waya ukikatika, fundi huingiza mwali wa mwanga na kupima muda unaotumia kwenda na kurudi; kwa kuwa mwanga hupita ndani ya kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, mahali palipokatika hujulikana. Mwizi atafutaye shaba hukata bure, kwa maana nyuzi hizo ni kioo kitupu.

Nyumbani, wazazi wawaonye watoto wasichungulie kamwe ncha ya uzi. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini waweza kuyadhuru. Vipande vilivyokatika visiokotwe kwa mikono mitupu, kwani huchoma ngozi na kuzama humo. Na achimbaye mtaro kando ya barabara aulize kwanza kilicho chini.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Katika njia ya maelfu ya kilomita, kiungo kimoja kilichofanywa ovyo, au shimo moja lililochimbwa bila kuuliza, chatosha kuinyamazisha simu ambayo familia inaingojea.